Kumwajibisha mfanyakazi bila kumvunja moyo: njia nne zikilinganishwa

Meneja anayetafuta msaada kwenye jambo hili huwa yuko katika moja ya hali mbili. Ama kazi zinachelewa na ahadi zinapotea hewani, naye anaogopa kusema asije akawapoteza watu wake wazuri. Ama ameshasema, tena kwa ukali, na sasa kila mtu anafanya lile aliloambiwa tu: hakuna anayeleta wazo, hakuna anayetoa taarifa mapema mambo yakianza kuharibika.

Wengi huitibu hali hii kwa kupima ukali na upole. Kipimo chenye manufaa zaidi ni muda: tangu kazi iharibike hadi watu kukaa na kuizungumza, zimepita siku ngapi? Kosa likizungumzwa kesho yake, mazungumzo yanahusu kazi. Likizungumzwa baada ya miezi mitano, yanahusu mtu. Ndiyo maana tathmini ya mwaka haimo kwenye ulinganisho huu kama njia ya kumwajibisha mtu. Inafaa kwa kupanga mishahara na vyeo, lakini inafika ikiwa imechelewa mno. Kampuni ya programu za kompyuta ya Adobe iliifuta mwaka 2012 na kuweka mazungumzo ya mara kwa mara mahali pake, na mwaka uliofuata Microsoft ikaachana na utaratibu wa kuwapanga wafanyakazi kwa madaraja ya kulazimisha, ambapo lazima wengine wawekwe chini hata kama wote wamefanya vizuri.

Njia nne zilizobaki zote ni nzuri mahali pake. Zinatofautiana sana kwa gharama, na kwa namna zinavyoharibika.

Kwanza, makubaliano yenyewe

Hakuna njia itakayokusaidia kama kilichokubaliwa ni "nitajitahidi", "tutaangalia" au "nitalifanyia kazi". Hayo ni maneno ya adabu ya kumalizia kikao. Makubaliano yanayofuatilika yanataja kitu chenyewe, kiwango chake, siku na saa, na jina la mtu mmoja. Mmoja, kwa sababu kazi ya "idara" haina mwenyewe. Yaandikwe hivi:

"Ripoti ya mauzo ya wiki. Iwe kwenye folda ya pamoja kila Ijumaa saa 9 alasiri. Jumla ilingane na stakabadhi, na tofauti yoyote ielezwe pembeni. Mwenye kazi: karani wa mauzo. Akiona itachelewa, atoe taarifa kabla ya Alhamisi jioni."

Sentensi ya mwisho ndiyo husahaulika, na ndiyo yenye thamani kubwa. Inampa mtu njia halali ya kusema "nimekwama" kabla hajawa mkosaji. Ikiwepo, kuchelewa na kukaa kimya yanakuwa makosa mawili tofauti, na la pili ndilo zito.

Vigezo

Kila njia imepimwa kwa mambo yale yale: inaendeshwaje, inagundua tatizo mapema kiasi gani, inakula muda gani wa meneja, inafanya nini kwa ari ya mfanyakazi (yaani uhuru na heshima anayobaki nayo), inaacha kumbukumbu gani, na ikiharibika huharibikia wapi. Kumbukumbu wengi huiona ni urasimu. Lakini isipokuwepo, meneja hukumbuka makosa ya mwezi uliopita na kusahau kazi nzuri ya mwezi wa kwanza, na wafanyakazi wanalijua hilo vizuri.

1. Kikao cha watu wawili, kila wiki

*Kinavyoendeshwa.* Dakika 30, siku ile ile, saa ile ile. Dakika 10 za mwanzo ni za mfanyakazi: alete analotaka. Kumi za kati ni za ahadi za wiki iliyopita, moja baada ya nyingine. Kumi za mwisho ni za wiki inayokuja na kile kinachoweza kuikwamisha. Wote wawili wanatazama karatasi moja yenye safu nne: ahadi, ya nani, lini, imeishia wapi. Ahadi za meneja zinaandikwa humo humo. Kama uliahidi kuongea na idara ya manunuzi na hukuongea, nayo inasomwa kwa sauti kama nyingine. Mtu akiona karatasi inambana na bosi pia, huacha kuichukulia kama mtego.

Namna ya kuuliza ni nusu ya kazi. "Kwa nini kila siku unachelewa?" humfanya mtu ajitetee. "Tulikubaliana Ijumaa saa 9, imefika Jumatatu saa 4 asubuhi. Hapo katikati palitokea nini?" humfanya asimulie kazi. Watafiti Avraham Kluger na Angelo DeNisi walikusanya tafiti nyingi kuhusu mrejesho kazini na kuchapisha matokeo mwaka 1996. Kwa wastani mrejesho ulisaidia, lakini katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo waliyoyakusanya ulishusha utendaji. Maelezo yao: mrejesho hupoteza nguvu kadiri unavyohamisha akili ya mtu kutoka kwenye kazi kwenda kwenye nafsi yake. Kwa hiyo uliza, kisha nyamaza. Akishamaliza, muulize wiki hii atafanya nini tofauti, na kile anachokitaja ndicho kiandikwe. Suluhisho lililotoka kinywani mwake atalilinda kuliko lako.

*Kugundua mapema.* Tatizo haliwezi kujificha zaidi ya wiki moja.

*Muda.* Hapa ndipo njia hii inapoumiza. Watu 8, kila mmoja dakika 30 za kikao na 10 za maandalizi, ni saa 5 na dakika 20 kwa wiki. Watu 15 ni saa 10, na hakuna meneja mwenye kazi zake nyingine anayeweza kuzimudu muda mrefu. Ukishavuka watu 8 au 9, fanya kila wiki mbili kwa wenye uzoefu na kila wiki kwa wapya.

*Ari.* Huwa juu, mradi dakika 10 za mwanzo ziwe zake kweli. Meneja akizimeza kwa ajenda yake, kinageuka kikao cha kuhojiwa.

*Kumbukumbu.* Nzuri sana, kama karatasi inatunzwa na wote wawili wanaifikia.

*Panapoharibika.* Huanza kuahirishwa. Kikao kikifutwa mara mbili mfululizo, mfanyakazi ameshajifunza kwamba ahadi huku hazina uzito. Jambo la pili ni ahadi inayosogezwa wiki hadi wiki bila mtu kulalamika. Sheria rahisi: ikisogezwa mara mbili, hakuna ya tatu. Ifutwe, igawanywe, apewe mwingine, au mtafute kizuizi siku hiyo hiyo.

*Kinamfaa nani.* Timu ndogo, wafanyakazi wapya, kazi za kufikiri ambazo makosa yake hayaonekani kwa macho, na meneja anayeanza kazi kwenye timu asiyoijua.

2. Malengo ya robo mwaka yenye vipimo

*Yanavyoendeshwa.* Kila mtu ana malengo yasiyozidi matatu, na kila lengo lina vipimo viwili au vitatu vya namba. Utaratibu huu ulikuzwa na Andy Grove, mmoja wa viongozi wa kampuni ya Intel inayotengeneza vichakataji vya kompyuta, miaka ya 1970, na John Doerr, aliyewahi kufanya kazi Intel, akaupeleka Google mwaka 1999. Mwisho wa robo kila kipimo hupewa alama kati ya 0 na 1. Kwa malengo yaliyowekwa juu makusudi, alama ya 0.6 au 0.7 huhesabiwa kuwa nzuri. Anayepata 1 kila robo amejiwekea malengo mepesi.

Msingi wake umechunguzwa sana. Wanasaikolojia Edwin Locke na Gary Latham walionyesha kwamba lengo mahususi na gumu huleta matokeo bora kuliko kumwambia mtu "fanya uwezavyo", lakini kwa masharti: awe amelikubali, awe na uwezo, na awe anapata taarifa za maendeleo yake. Kazi ikiwa mpya na yenye mambo mengi, lengo la matokeo huweza kumvuruga. Hapo mpe lengo la kujifunza: badala ya "punguza malalamiko kwa asilimia 20", iwe "gundua sababu tatu kubwa za malalamiko na jaribu tiba moja kwa kila sababu".

*Kugundua mapema.* Hapa ni dhaifu. Robo ina wiki 13, na asiye na utaratibu wa kuangalia katikati hugundua wiki ya 12. Weka mapitio wiki ya 4 na ya 8. Ya 4 ni ya kuuliza kama lengo bado lina maana, ya 8 ni ya kuamua nini kiachwe ili kilichobaki kifike.

*Muda.* Saa moja na nusu hadi mbili kwa kila mtu mwanzoni mwa robo, kisha kama nusu saa kwa kila pitio. Kwa timu kubwa ni nafuu kuliko njia ya kwanza.

*Ari.* Inampa mtu uhuru mkubwa: anajua pa kufika, njia anachagua mwenyewe. Wazoefu huipenda kwa sababu hiyo. Lakini uhuru huo upo pale tu aliposhiriki kuyaandika. Malengo yaliyoshushwa kutoka juu yakiwa yamekamilika ni maagizo yenye namba.

*Kumbukumbu.* Safi kwa matokeo, ila haisemi chochote kuhusu jinsi yalivyopatikana.

*Panapoharibika.* Na huharibika vibaya. Namba ikifungwa moja kwa moja na fedha au na hofu ya kufukuzwa, watu hutumikia namba. Septemba 2016 benki ya Wells Fargo ya Marekani ilitozwa faini ya dola milioni 185 baada ya wafanyakazi waliokuwa wakikimbizana na shabaha za mauzo kufungua akaunti ambazo wateja hawakuziomba. Wapatao 5,300 walikuwa wameshafukuzwa. Kinga ya kwanza ni kuoanisha vipimo: kila kipimo cha wingi kiwe na mwenzake wa ubora. Idadi ya simu zilizopokelewa iende na idadi ya wateja waliolazimika kupiga tena. Idadi ya mizigo iliyotoka iende na iliyorudishwa. Kinga ya pili ni kuuliza kama kipimo kimo mikononi mwa mtu. Kumpima fundi kwa siku ambazo mashine ilisimama, wakati vipuri vinaidhinishwa na mtu mwingine, ni kumwonea.

*Yanamfaa nani.* Wafanyakazi wenye uzoefu, wanaofanya kazi mbali na ofisi, wauzaji (kwa vipimo vilivyooanishwa), na wakuu wa vitengo.

3. Ubao wa kazi na kikao kifupi cha kila siku

*Unavyoendeshwa.* Ubao wa ukutani au wa kwenye kompyuta, safu nne: haijaanza, inaendelea, imekwama, imekamilika. Kadi moja, kazi moja, jina moja, na tarehe kadi ilipoingia safu ya pili. Kila kadi iwe kazi ya siku moja au mbili. Ikizidi, igawanywe. Mtu asiwe na zaidi ya kadi mbili kwenye "inaendelea". Timu husimama mbele ya ubao dakika 15, na zinazojadiliwa ni kadi, kuanzia zile za "imekwama".

*Kugundua mapema.* Hakuna njia inayoushinda ubao. Kadi isiyosogea siku tatu inajisema yenyewe, na meneja hana haja ya kumganda mtu akiuliza "umefikia wapi?" kila saa.

*Muda.* Saa moja na robo kwa wiki, uwe na watu 5 au 10. Zaidi ya 10, dakika 15 hazitoshi. Gawanya timu.

*Ari.* Inategemea jambo moja: kuweka kadi kwenye "imekwama" kunachukuliwaje? Kwenye viwanda vya Toyota mfanyakazi anayeona kasoro huvuta kamba, na kiongozi wa timu huja mara moja kusaidia. Mstari wa uzalishaji husimama tu kama tatizo halijatatuliwa gari linapofika mwisho wa kituo hicho cha kazi. Kuvuta kamba si kosa, ni sehemu ya kazi. Pale kadi ya "imekwama" inapoleta msaada, watu huitumia. Ikileta kejeli mbele ya wenzake, kadi zote zitakaa "inaendelea" na utaratibu mzima unakuwa wa funika kombe mwanaharamu apite.

*Kumbukumbu.* Nzuri kwa mtiririko wa kazi, hafifu kwa mtu binafsi. Usijaribu kuifanya faili la nidhamu. Siku watu watakapojua picha za ubao zinatunzwa ili zitumike dhidi yao, ubao umekufa.

*Panapoharibika.* Kikao hugeuka kuitana majina, kila mtu akimripoti bosi huku wengine wakitazama simu. Dawa ni kupita kadi kwa kadi, na meneja asiwe mwendeshaji kila siku: zamu izunguke. Tatizo jingine ni ubora, kwa sababu ubao unaonyesha kwamba kazi imekamilika, hauonyeshi kama imekamilika vizuri. Andikeni chini ya safu ya mwisho masharti ya "imekamilika", mistari mitatu inatosha.

*Unamfaa nani.* Timu ambazo kazi ya mmoja inamsubiri mwenzake: ghala, karakana, waunda programu, waandaaji wa matukio, idara ya malipo. Kwa watu wanaofanya kazi zisizogusana, ni kupotezeana muda.

4. Mpango wa maandishi wa kuboresha utendaji

*Unavyoendeshwa.* Huu ni wa mtu mmoja, baada ya mazungumzo ya kawaida kushindwa. Kabla ya kuuandika, jibu swali moja kwa uaminifu: hajui, hawezi, amezuiwa, au hataki? Asiyejua anahitaji mafunzo. Asiyeweza huenda yuko kwenye nafasi isiyo yake. Aliyezuiwa anahitaji wewe uondoe kizuizi, na mpango wa maandishi kwake ni dhuluma. Na ikiwa jambo ni wizi, matusi au kughushi, hilo ni la nidhamu na lina utaratibu wake. Usilipitishe huku.

Mpango wenyewe hukaa kwenye ukurasa mmoja au miwili. Unataja pengo kwa mifano miwili hadi minne yenye tarehe, kiwango kinachotakiwa, msaada utakaotolewa na jina la atakayeutoa, siku za mapitio (kila wiki), muda (siku 30 hadi 90, kulingana na mzunguko wa kazi), na kitakachofuata akifaulu au asipofaulu. Anayefunga hesabu mara moja kwa mwezi hawezi kupimwa kwa siku 30. Atakuwa ameonyesha mara moja tu.

*Kugundua mapema.* Haugundui, unashughulikia kilichogunduliwa. Ukimshangaza mfanyakazi, meneja ndiye aliyechelewa kusema.

*Muda.* Saa 3 au 4 za maandalizi na kikao cha kwanza, kisha dakika 30 hadi 45 kila wiki. Ni mzigo mzito, kwa hiyo usiendeshe zaidi ya mmoja au miwili kwa wakati mmoja.

*Ari.* Anayewekewa mpango hushtuka, hilo halikwepeki. Kinachoamua ni kama msaada ulioandikwa unatokea kweli. Lakini kuna ari ya wengine pia. Wanaobeba kazi ya mwenzao mwaka mzima hawasemi kitu. Huanza kupunguza kasi, kisha wale walio bora huondoka. Kumwacha mtu asiwajibike si upole kwa timu.

*Kumbukumbu.* Kamili, na lazima iwe hivyo. Mkataba Na. 158 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1982, kifungu cha 7, unasema mfanyakazi asiachishwe kazi kwa sababu za mwenendo au utendaji kabla hajapewa nafasi ya kujitetea. Nchi hutofautiana katika sheria zao, kwa hiyo soma sheria ya kazi ya mahali ulipo na mkataba wa ajira kabla ya kikao cha kwanza, na mruhusu aje na mwenzake au mwakilishi pale sheria inaporuhusu. Maelezo yake yaandikwe kwa maneno yake, hata usipoyakubali.

*Panapoharibika.* Unapotumika kama karatasi za kumfukuzia mtu ambaye uamuzi wake umeshafanywa. Ikijulikana mara moja tu ofisini, mipango yote itakayofuata itasomwa hivyo, na atakayepewa ataanza kutafuta kazi kwingine siku hiyo hiyo. Kosa la pili ni maneno yasiyopimika: "aboreshe mtazamo" haina mwisho.

*Unamfaa nani.* Mtu aliyekwisha kuzungumzwa naye angalau mara kadhaa, kwa kumbukumbu, ambaye kazi yake bado unaihitaji na unaamini anaweza kufika.

Uchague ipi kwa hali yako

Kama kazi zako huonyesha kasoro ndani ya siku moja au mbili na watu wanategemeana, anza na ubao. Ongeza kikao cha watu wawili kila wiki mbili kwa mambo yasiyosemeka mbele ya wengine.

Kama kasoro huonekana baada ya wiki au miezi (utafiti, usanifu, mauzo makubwa), ubao utaonyesha shughuli tu. Chukua malengo ya robo na kikao cha wiki kwa pamoja: malengo yanasema tunaenda wapi, kikao kinazuia robo nzima isipotee.

Una watu zaidi ya 15 na huna wasimamizi wa kati? Kikao cha wiki kwa kila mtu hakitawezekana. Gawanya timu kwenye mbao mbili, weka malengo ya robo kwa wazoefu, na vikao vya kila wiki wabakishie wapya wa miezi mitatu ya kwanza.

Timu ikiwa imetoka kwenye uongozi wa vitisho, usianze na namba wala ubao, maana vyote vitapokelewa kama fimbo mpya. Fanya vikao vya watu wawili kwa wiki sita hadi nane, ukitimiza ahadi zako kwanza, kisha waulize wenyewe wanataka kazi ionekane vipi.

Kama ni mtu mmoja tu anayelegalega na wengine wote wako sawa, usibuni utaratibu mpya wa timu nzima kwa ajili yake. Wengine huelewa haraka kwamba wanaadhibiwa kwa kosa lisilo lao. Kaa naye kwa vikao vya kila wiki, andika, na baada ya wiki nne hadi sita bila mabadiliko nenda kwenye mpango wa maandishi.

Na kama ukichunguza unakuta kazi nyingi zimekwama zikisubiri saini yako, jibu lako au bajeti yako, chukua ubao, na kadi za kwanza kubandikwa kwenye "imekwama" ziwe zenye jina lako.